Mwaka Niliochora Ukoo wa Kisilu

Wiki tatu baada ya kumzika baba, nilikwenda kwa dada yangu Mwende, Komarock, kurudisha masufuria tuliyoazima wakati wa matanga. Nilimkuta binti yake wa darasa la tano amelala kifudifudi sebuleni juu ya karatasi ya manila, kalamu za rangi zimemzunguka. Mwalimu alikuwa amewaagiza wachore ukoo wao. Alikuwa amejiandika yeye, mama yake, na babu yake ambaye tulikuwa tumetoka tu kumzika, kisha kalamu ikakwama. "Anko, baba ya guka aliitwa nani?" Guka, yaani babu, ni neno la Kikuyu alilookota kwa watoto wenzake, nyumbani kwetu hatulitumii. Nikamwambia aliitwa Ndambuki, kama mimi. "Na baba yake yeye?" Mwende alikuwa jikoni akikata sukuma, na nikasikia kisu kikinyamaza. Akasema bila kugeuka, "Muulize mwalimu kama majina manne yatatosha." Mtoto akasema mwalimu anataka matano. Nikaweka masufuria chini, nikasema nina haraka, nikatoka kabla chai haijaiva. Nina miaka arobaini na sita, na bado nikiona karatasi ya manila imetandazwa sakafuni natafuta mlango.

Baba tulimzika katika makaburi ya umma hapa Nairobi, safu ya katikati, baina ya mtu tusiyemjua na mtoto mchanga. Kwa Mkamba wa umri wake hilo ni jambo ambalo watu hulizungumza kwa sauti ya chini. Walinishika mkono mmoja mmoja, wakaniuliza, "Na mbona hamkumpeleka nyumbani?" Nikawajibu kwamba mambo ya usafiri yalikuwa magumu. Nilidanganya. Baba hakuwa na nyumbani pa kupelekwa, na aliyempotezea ni mimi, nikiwa na miaka kumi na tisa, kwa rula na kalamu ya wino mweusi. Tangu mwaka ule sijakaa nyumba moja zaidi ya miaka miwili. Nimepanga Kware, ghorofa ya sita, mahali ambapo nguo huanikwa lakini jua halifiki; nimeishi Mombasa, Eldoret, tena Mombasa; sasa niko Njiru, na juzi nilijikuta nikiulizia kodi ya chumba Kitengela bila sababu yoyote. Wenzangu husema mimi ni mtu wa kuzurura. Huwa sibishi.

Mwaka wenyewe ulianza vizuri, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nasubiri matokeo, nasubiri kazi, nasubiri chochote. Tulikuwa tukiishi mtaa wa Jericho hapa Nairobi, nyumba ya kanjo, yaani ya baraza la jiji, vyumba viwili na jiko dogo lililokuwa jeusi kwa masizi hadi darini. Mama alikuwa ameshafariki. Chumba cha mbele kilikuwa na makochi, redio, na kitanda changu, ambacho mchana kilivikwa kitambaa kikawa kochi la tatu. Cha nyuma kiligawanywa kwa pazia: upande mmoja baba, upande wa pili Mwende na Susu, mama yake baba, ambaye tulimtoa Ukambani macho yake yalipoanza kumsumbua. Susu aliniita mume wangu. Nilipewa jina la babu, marehemu mume wake, kwa hiyo kwake mimi ndiye babu aliyerudi, na alinidai mambo kama mke: "Mume wangu, umekuja mikono mitupu tena? Hata sukari?" Alipika muthokoi, mahindi yaliyokobolewa, kwa moto mdogo kutwa nzima, na harufu yake ilikaa kwenye pazia, kwenye blanketi, kwenye sare ya shule ya Mwende. Leo nikipita kibanda chochote kinachouza muthokoi, miguu hupunguza mwendo yenyewe. Halafu nakumbuka yaliyofuata, nakaza mwendo.

Baba aliendesha lori la taka la kanjo. Alirudi saa kumi alasiri, akaoga kwa muda mrefu nyuma ya nyumba, kisha akaketi na kikombe chake cha chuma akieleza kuhusu nyumba. Si ile tuliyokaa. Alikuwa na nyumba nyingine, ya matofali, vyumba vitatu, nyumbani, kwenye shamba ambalo baba yake alizikwa. Kila likizo aliongeza kitu: mwaka mmoja msingi, mwaka mwingine kuta, mwaka ule uliotangulia mabati. Bado haikuwa na milango. Alizungumzia milango ile mpaka Mwende akawa anamwigiza: "Mbele chuma, nyuma mbao." Siku yake ya kustaafu aliihesabu kwa vidole.

Kisha habari ikaja kwamba ardhi ya kwetu itapimwa na kila nyumba itapewa hati yake. Shamba lilikuwa la ndugu wawili wa zamani, Kisilu na mdogo wake. Sisi tulikuwa wa Kisilu. Jina lake ndilo jina letu la mwisho. Wajukuu wa mdogo wake, wakiongozwa na binamu ya baba aliyeitwa Muli, walikaa upande wa chini, karibu na mto. Kamati ilitaka kila nyumba ieleze ilivyotoka kwa wale ndugu wawili mpaka walio hai, na wenye karatasi waje na karatasi. Baba alimaliza chai, akafuta mdomo, akaniambia, "Ndambuki, mimi ninajua gari. Hayo ya vitabu ni yako. Nenda umtafute Kisilu."

Sijawahi kupewa kazi tamu kama ile. Nilianza na kasha la bati la Susu, ambamo kulikuwa na kipande cha babu, kile cheti cha kazi ambacho wazee wa zamani walilazimishwa na wakoloni kuvaa shingoni. Nikaenda kwenye misheni ambako babu alibatizwa, na padri akaniruhusu kuketi na daftari kubwa la ubatizo, kurasa zake zimekuwa rangi ya chai. Nikamkuta: Ndambuki, mwana wa Kisilu na Wanza, na mwaka wa kuzaliwa. Nilitaka kupiga kelele ndani ya ofisi ya padri. Mjini nilikaa siku nyingi katika jumba la nyaraka, kwenye meza ndefu, nikipekua orodha za wapagazi waliobebeshwa mizigo katika vita vya Wazungu. Susu alikuwa amewahi kusema Kisilu alikwenda vitani. Nilimpata huyo pia, Kisilu, pamoja na jina la mzee wa kijiji chetu. Mbele ya jina lake kulikuwa na neno moja, amekufa, na mwaka.

Nilitoa daftari langu nikalinganisha. Kisilu alikufa miaka sita kabla babu hajazaliwa.

Ni lazima niseme nilivyojisikia, kwa sababu nimejificha vya kutosha. Sikuhuzunika. Nilifurahi. Nilijiona nimegundua kitu ambacho watu wazima wote walikuwa wamekifunika, na kimefunuliwa na mimi, kijana wa Jericho mwenye C ya historia katika mtihani wa majaribio. Jioni ile nilimpelekea habari Mzee Makokha, jirani yetu, Mluhya aliyekuwa karani wa reli kabla ya kustaafu. Alivaa miwani, akasoma tarehe zangu mara mbili.

"Hii ni hesabu, kijana wangu. Maiti hazai."

"Kwa hivyo nifanye nini, mzee?"

"Andika ulichokiona. Reli tuliandika hata ajali. Ukiona mstari umekatika, unachora umekatika." Akanipa rula yake ya chuma na kunikopesha meza yake, kwa kuwa ya kwetu ilikuwa ikitikisika. Hakuwa na nia mbaya. Alikuwa mtu wa kutoka mbali, na mambo ya kwetu hakuyajua. Mimi niliyetoka huko sikuyajua vilevile.

Nilinunua karatasi ya manila. Juu niliweka ndugu wawili. Upande wa mdogo mtu mistari ilishuka minene na safi hadi kwa Muli na watoto wake. Upande wetu nilichora mstari wa nukta nukta kutoka kwa Kisilu hadi kwa babu, na kando ya babu, kwa herufi kubwa nilizozipenda sana, nikaandika: BABA: HAJULIKANI. Ndilo jina langu mwenyewe nililolichorea zile nukta, na sikuliona hilo. Niliona mchoro mzuri. Baba aliponiuliza, "Umefika wapi?" nilimwambia nimebakisha kidogo. Nilikuwa natafuta siku nzuri ya kumwonyesha.

Muli alikuja Alhamisi, siku ambayo Susu huenda kwenye jumuiya ya akina mama kanisani na baba yuko kazini. Wakati ule niliona ni bahati mbaya kwamba amewakosa. Alikuwa mtu mnene mwenye kicheko chepesi, kabuti juu ya koti, na alileta maembe kwenye mfuko wa mkonge. Mwende alimwandalia chai na mandazi.

"Huyu ni Mwende? Wewe! Juzi tu nilikuwa nakupangusa kamasi."

"Anko, hiyo juzi yako ni ya lini?" Mwende alikuwa na miaka kumi na miwili na mdomo wa thelathini.

Muli akacheka mpaka chai ikamwagika. Kisha akanigeukia. "Na msomi wetu? Nasikia unamfufua Kisilu. Mimi kule nina vijana saba, hakuna hata mmoja anayejua kuandika barua ikaeleweka. Hebu nitoe ujinga. Nisomee."

Nikatandaza karatasi sakafuni. Alipiga magoti, mtu mzima yule, akafuata mistari kwa kidole bila kuigusa, kama anayeogopa kuichafua. Alipofika kwenye nukta akasimama. "Na hapa?"

Nikamweleza. Daftari la misheni, orodha ya wapagazi, miaka sita. Nilizungumza kwa muda mrefu. Nakumbuka hata nilitumia maneno "kwa mujibu wa ushahidi." Alitikisa kichwa polepole kama mtu anayepewa pole.

"Kazi kubwa," akasema. "Kazi kubwa kweli. Baba yako ameiona?"

"Bado."

"Usimsumbue, amechoka huyo. Nipe niende nayo, nitoe kopi mjini, wazee waione kabla ya kikao. Wataona nyumba ya Kisilu imeleta karatasi, si maneno." Aliikunja kwa uangalifu zaidi kuliko nilivyoikunja mimi. Akiwa mlangoni akaniambia, "Mungu akubariki, mwanangu." Mwende alikuwa akikusanya vikombe. "Huyo buda amekula mandazi sita," akasema, "na ameondoka na homuwaki yako. Wewe ni fala." Nikamwambia anyamaze, hajui mambo ya watu wazima.

Kikao kilifanyika katika darasa la shule ya msingi. Wazee watano wa kamati walikaa mbele, na katikati yao afisa kijana aliyetumwa kutoka mjini, mtu wa kabila jingine, mwenye shati safi. Baba alikuwa amevaa suti ya harusi yake. Susu aliketi kwenye dawati la watoto, magoti yamemfika kifuani. Zamu yetu ilipofika, Muli alisimama akasema hana neno lake mwenyewe, analo neno la nyumba ya Mutiso wenyewe. Mutiso ni baba. Akabandika karatasi yangu ubaoni kwa gundi ya karatasi, pembe nne.

Baba alisogea mbele. Alisoma taratibu, midomo ikichezacheza, alivyosoma kila kitu. Nilimwona alipofika kwenye zile nukta.

"Huu mwandiko ni wa nani?" afisa akauliza.

Nikasema, "Ni wangu."

"Umesoma mpaka wapi?"

"Kidato cha nne."

"Basi wewe si mtu wa kubahatisha. Tarehe hizi umezitoa wapi?" Nikamtajia. Akaandika. Aliridhika nami, nadhani ndiye mtu pekee mle ndani aliyeridhika nami kwa uaminifu.

Ndipo Susu alipoinuka. Ilimchukua muda kutoka kwenye lile dawati. Alizungumza Kikamba na mwalimu mmoja akamtafsiria afisa. Alisema Kisilu alikufa vitani, ndiyo, kila mtu anajua. Aliacha mjane, Kalondu, bila mtoto. Kalondu hakukubali jina la mumewe lifutike, kwa hiyo alifanya kama wanawake wa Kikamba walivyofanya: alitoa mahari, ng'ombe na mbuzi wake mwenyewe, akamwoa msichana aitwaye Wanza. Wanza akaja kwa Kalondu kama iweto, mwanamke aliyeolewa na mwanamke, ili amzalie Kisilu watoto. Aliyemtembelea hakuulizwa jina, wala mtoto hakuwa wake. Mtoto alikuwa wa Kisilu, wa lile shamba, tangu siku ya kwanza. "Kalondu nilimkuta hai," Susu akasema. "Nilimpikia. Na wewe Muli, mbuzi wa mahari ile walichinjwa, na babu yako alikula mguu mzima. Hakuuliza wakati ule kama Kisilu ni maiti."

Watu wa nyuma wakacheka, na kwa muda mfupi nikadhani tumepona. Afisa akawageukia wazee. "Ndivyo ilivyokuwa?"

Wale wazee watano walijua. Kila mmoja alikuwa na iweto katika ukoo wake, shangazi au bibi. Mmoja aliangalia dirishani. Mwingine aliangalia viatu vyake, vilivyokuwa vipya. Mwenyekiti akakohoa. "Mama, hayo ni ya zamani na mashahidi wake wamelala. Sisi hapa tuna karatasi, na karatasi imetoka kwa mjukuu wako mwenyewe. Tukatae ya msomi wenu, tuchukue hadithi?" Afisa akasubiri kidogo kama kuna mwingine atakayesema. Hakuna aliyesema. Akaandika. Shamba lote likapimwa kwa jina la upande wa chini, wa akina Muli.

Nimewahi kukutana na wanasheria miaka iliyofuata, kwenye kazi zangu za huku na huku, na wote wameniambia ile kesi tungeishinda kama tungekata rufaa, kwa sababu mtoto wa iweto ni mrithi kamili. Wananiambia wakiwa wachangamfu, kama watu wanaonipa habari njema. Baba hakukata rufaa. Alisema hawezi kusimama tena mbele ya watu akabishane na mwandiko wa mtoto wake.

Tuliporudi Jericho nilimkabili Susu. Nilitaka kosa ligawanywe. "Mbona hukuniambia, Susu? Miezi yote hiyo!"

Alikuwa akichambua mahindi kwa vidole, kwa kuwa macho yalikuwa yamekwisha. "Uliniuliza lini? Kila asubuhi unapita hapa na makaratasi. Nikikuita kunywa uji, unasema, Susu nimechelewa. Nilifikiri unakokwenda kuna mtu anayejua zaidi." Akaongeza, "Ungeniuliza, ningekuimbia hata wimbo wa siku ile." Tangu jioni ile akaanza kuniita Ndambuki. Mume wangu hakulitamka tena hadi alipokufa.

Muli alimpa baba hadi mwisho wa mwezi achukue kilicho chake juu ya ardhi. Tulikwenda na lori la rafiki yake baba. Mimi ndiye niliyepanda juu kung'oa mabati, na baba akayapokea chini, moja moja, bila kusema chochote isipokuwa "Polepole" na "Hilo lina ncha." Saa sita mke wa Muli alituletea chai, na baba akainywa na kumshukuru. Kaburi la babu lilikuwa hatua chache kutoka kwenye msingi. Muli alisimama pale, mikono mfukoni. "Huyu mzee hatutamgusa," akasema kwa upole. "Na wakati wowote mkitaka kumwona, tumeni habari tu, tutawapokea kama wageni." Baba akasema, "Nimesikia." Kuta tuliziacha. Hazibebeki.

Mabati yale baba aliyauza kwa mtu wa Njiru aliyekuwa akijenga kanisa. Hakunipiga, hakunitukana, hakulitaja jambo lile mbele ya mtu yeyote. Matokeo yangu yalipotoka na kuwa mazuri kiasi, aliwaambia wenzake wa kanjo, na wakanichangia suruali. Ningependelea mkanda mgongoni. Usiku nilisikia redio upande wake wa pazia ikiwa imepunguzwa sana, yeye akiwa macho.

Mwishoni mwa mwaka ule nilikwenda kuchukua kitambulisho. Ilibidi mzazi awepo, kwa hiyo baba aliomba ruhusa kazini akaja na ovaroli yake, akisimama mbali kidogo na watu kwa sababu ya harufu. Karani alikuwa mama wa makamo mwenye sweta na kalamu iliyofungwa kwa uzi.

"Majina."

"Ndambuki Mutiso."

"La tatu?"

"Hakuna," nikasema. Nilikuwa nimeliamua hilo usiku kucha. Nilidhani nampunguzia baba kitu.

"Lipo," baba akasema nyuma yangu. "Andika Kisilu."

"Baba, wacha tu," nikanong'ona.

"Andika, mama. Kisilu. Lililipiwa hilo." Karani akatuangalia wote wawili, akaandika. Ndilo jina lililo kwenye kitambulisho changu mpaka leo, na kila ninapohama nalionyesha kwa mwenye nyumba mpya.

Kisha akageuza fomu upande wa pili. "Haya. Nyumbani ni wapi? Wilaya, lokesheni, kijiji."

Baba aliyekuwa mwepesi wa jina aliinama akaiangalia ile fomu. Nyuma yetu foleni ikaanza kulalamika. Akanigeukia, na kwa sauti ya upole, isiyo na kejeli hata kidogo, akasema, "Mwambie wewe. Mimi sijui tena tunaandika nini."

Nikasema, "Jericho."

Karani akacheka, kalamu bado hewani. "Jericho ni esteti, kijana. Mimi nauliza nyumbani."